Inhela ya kahawia inayobaki kabatini

Mtoto akianza kukohoa usiku na kifua kikalia kama filimbi, mzazi hukimbilia inhela ya bluu. Mtoto anatulia, nyumba nzima inarudi kulala. Ile ya kahawia, iliyotolewa na daktari siku hiyohiyo, inabaki kabatini kwa sababu haionekani kufanya lolote.

Pumu haiondoki kikohozi kinapoisha. Mirija ya hewa huwa imevimba kwa ndani hata siku mtoto anapocheza mpira bila shida, ndiyo maana hubana haraka akikutana na vumbi, moshi wa mkaa au mafua. Dawa ya bluu, salbutamoli, hulegeza misuli ya mirija ndani ya dakika chache tu, ila uvimbe hauugusi. Kazi hiyo ni ya inhela yenye steroidi, kama beklometasoni, na matokeo yake huchukua siku au wiki kadhaa. Hutumika kila siku kama daktari alivyoelekeza, mtoto akohoe asikohoe. Rangi hutofautiana kwa watengenezaji, kwa hiyo mzazi asome jina la dawa.

Neno steroidi huwatisha wengi, na hofu hiyo ina chanzo. Vidonge vya prednisoloni vikitumika kwa miezi huweza kuumua uso, kudhoofisha mifupa na kupandisha sukari, na aliyevitumia muda mrefu haviachi ghafla bila daktari. Dawa ya kuvuta ni habari nyingine. Kipimo chake ni maikrogramu, na maikrogramu 1,000 ndizo miligramu 1. Ikitumika muda mrefu inaweza kupunguza kimo kwa takriban sentimita 1. Pumu iliyoachwa nayo hudumaza, tena huua. Uraibu hauna nafasi hapa: mtoto akiachishwa dawa na kikohozi kikarudi, ni uvimbe uliorudi.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye uvutaji. Dawa ikipulizwa moja kwa moja mdomoni, nyingi hugonga koo. Chemba ya kuvutia husaidia, na isipopatikana, utafiti wa Cape Town uliochapishwa 1999 ulionyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa kitako ili inhela ikae bila kuvuja, hufanya kazi vizuri. Mhudumu wa afya aonyeshe namna ya kuitengeneza. Inhela hutikiswa, hupulizwa mara moja, mtoto anavuta pumzi kama 5 za kawaida, ndipo ya pili ifuate. Kisha asukutue na kuteme maji, maana mabaki ya steroidi huleta utando mweupe wa fangasi mdomoni.

Mtoto akishindwa kuongea au kunyonya, mbavu zikiingia ndani anapohema, midomo ikigeuka rangi, au nafuu ya salbutamoli isipodumu, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, huku akiendelea kupewa salbutamoli njiani.