Fransiamu: Elementi Iliyonaswa kwa Dakika Ishirini na Moja

Mwaka 1871 Mendeleyev aliacha nafasi tupu chini ya seziamu katika jedwali lake la elementi. Kwa muda wa karibu miaka sabini nafasi hiyo, ambayo baadaye ilipewa namba 87, iliwashinda wataalamu. Mara kadhaa ilitangazwa kwamba elementi iliyotafutwa imepatikana, na kila mara ushahidi ulipopimwa upya haukusimama. Aliyeipata hatimaye hakuwa profesa, wala hakuwa na shahada. Alikuwa msaidizi wa maabara, Marguerite Perey, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1909.

Perey alitamani kuwa daktari, lakini baba yake alifariki mapema na familia haikuwa na fedha za kumsomesha. Akasomea ufundi wa kemia, na mwaka 1929 akaajiriwa katika Taasisi ya Radiamu, Paris, kuwa msaidizi wa Marie Curie. Kazi aliyokabidhiwa ilikuwa kutayarisha aktiniamu safi, elementi nururifu namba 89.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu. Aktiniamu hupatikana kwa kiasi kidogo mno katika mawe yenye uraniamu, nayo huandamana na elementi za jamii ya lanthanidi, hasa lanthanamu. Ioni za aktiniamu na za lanthanamu zote huwa na chaji tatu chanya, na tabia zake hukaribiana kama za ndugu wawili. Ili kuzitenganisha ilibidi chumvi ziyeyushwe na kugandishwa kuwa fuwele tena na tena, kila mara tofauti ndogo ikijengwa juu ya tofauti ndogo. Marie Curie alifariki mwaka 1934; Perey akaendelea na kazi ile ile.

Ustadi huo ndio uliozaa ugunduzi. Mionzi ya beta ya aktiniamu yenyewe ni dhaifu sana na ni vigumu kuipima. Mionzi mikali hutoka katika elementi zinazozaliwa aktiniamu inapovunjika, nazo hurundikana polepole. Perey aliweza kuziondoa upesi na kuanza kupima mara moja. Mwanzoni mwa mwaka 1939 aliona kwamba, katika dakika za kwanza baada ya kusafishwa, mionzi ya beta iliongezeka haraka, kisha ikatulia. Palikuwa na mzawa mgeni, ambaye nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu ya atomi zake kuvunjika, ulikuwa dakika 21 hivi.

Hesabu yake ni nyepesi. Katika kila atomi 100 za aktiniamu-227, moja hivi hutoa chembe alfa, ambayo hubeba protoni mbili na nyutroni mbili. Basi 89 kutoa 2 ni 87, na 227 kutoa 4 ni 223. Lakini hesabu pekee haitoshi katika kemia. Perey alitia chumvi ya seziamu katika mmumunyo na kuigandisha. Unururifu ule mpya ukafuatana na seziamu. Mgeni alikuwa wa jamii ya sodiamu na potasiamu, mahali pale pale Mendeleyev alipopaacha wazi.

Mwaka 1946 Perey alipata udaktari wa falsafa, na katika tasnifu yake akaipa elementi hiyo jina la nchi yake: fransiamu. Mwaka 1949 alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Strasbourg. Mwaka 1962 alichaguliwa kuwa mwanachama mshiriki wa Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, mwanamke wa kwanza kupokelewa humo tangu ilipoanzishwa mwaka 1666. Marie Curie mwenyewe alikuwa amekataliwa mwaka 1911.

Heshima hizo zilikuja pamoja na maradhi. Miaka mingi ya kushika vitu nururifu bila kinga ya kutosha ilimletea saratani, naye akafariki mwaka 1975. Alikuwa ametumaini kwamba fransiamu ingesaidia kuutambua ugonjwa huo mapema.

Tumaini hilo halikutimia kama alivyolitarajia, lakini halikupotea. Leo aktiniamu-225, yenye nusu-uhai wa siku 10 hivi, inajaribiwa katika tiba ya saratani, kwa kuwa chembe zake za alfa huua seli zilizo karibu sana tu. Ili isitawanyike mwilini, ioni yake hufungwa ndani ya molekuli yenye umbo la pete, ikawa ioni changamano. Kwa kuwa aktiniamu ni haba, wanakemia huzijaribu kwanza pete hizo kwa lanthanamu. Mfanano uliomtaabisha Perey sasa ni msaada.

Hata hivyo, aktiniamu-225 inapotoa chembe alfa huzaliwa fransiamu-221, nayo huchomoka katika pete iliyomshika mzazi wake na kuweza kwenda mahali pasipotakiwa, kama vile kwenye figo. Namna ya kuizuia ni swali ambalo wanakemia bado wanalishughulikia.