Skuta, Boxer na kona za Kariakoo

Je, wajua? Skuta na pikipiki ya Boxer zikikata kona moja kwa mwendo mmoja, hulala karibu sawasawa. Chukua njia panda ya Msimbazi na Uhuru. Dereva akizunguka duara lenye nusukipenyo cha mita 8 kwa kilometa 20 kwa saa, chombo hulala nyuzi 21 hivi, awe peke yake au amepakia abiria wa mshikaki. Akipunguza hadi kilometa 10, kinalala nyuzi 6 tu. Uzito haubadili hesabu, kwa sababu unapoongezeka, nguvu ya kumtupa nje ya kona na ile ya kumvuta chini hupanda pamoja.

Tofauti inaanzia kwenye gurudumu. Boxer ina rimu za inchi 17. Skuta ya kwanza ya Vespa, iliyoundwa Pontedera, Italia, mwaka 1946, ilikuwa na za inchi 8. Gurudumu dogo ni jepesi kugeuza, ndiyo maana skuta hupenya vizuri kati ya mikokoteni na meza za wamachinga Mtaa wa Kongo. Lakini shimo ambalo tairi la Boxer linapita juu yake, tairi dogo hutumbukia. Tena skuta nyingi zina injini iliyoshikana na gurudumu la nyuma, inapanda na kushuka nalo. Springi inahangaika na uzito wote huo, na tairi likirushwa linachelewa kurudi chini. Hilo likitokea chombo kimelala, kuteleza ni rahisi.

Sasa tuje kwenye sakafu, maana hapo ndipo skuta ilipojipatia wapenzi. Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege aliyeibuni Vespa, alifanya bodi ya bati iwe ndiyo fremu, akaacha nafasi bapa mbele ya kiti. Mama anatoka sokoni, anaweka kiroba cha mchele miguuni, anakaa na gauni lake bila kurusha mguu. Uzito unabaki chini, katikati ya magurudumu. Kwenye Boxer kiroba hicho hufungwa nyuma, juu ya keria, na usukani unakuwa mwepesi mno mbele.

Skuta ya kimichezo imeitoa nafasi hiyo. Yamaha Aerox 155 ina tangi la mafuta na uti wa fremu katikati ya miguu, rimu za inchi 14, na tairi la nyuma lenye upana wa milimita 140. Kwenye lami safi inatulia sana, na dereva anaiamini, ingawa tairi pana huilazimu ilale kidogo zaidi kuliko pikipiki ya tairi jembamba. Ila kiroba hakina pa kukaa. Kwa mtu wa Kariakoo naona hasara hiyo ni kubwa mno.

Bodaboda anayeshinda barabarani mchana kutwa abaki na Boxer, mashimo yanaidai. Kwa manunuzi ningechukua skuta ya sakafu bapa, rimu zisipungue inchi 12. Ila mwenye kuhama kutoka pikipiki ya gia azoee jambo moja: ukiachia mafuta kwenye mwendo mdogo, klachi ya skuta inaachia yenyewe, injini haikusaidii tena kufunga breki. Tope la masika likiwa barabarani, funga breki zote mbili taratibu wakati chombo bado kimesimama wima, ndipo uingie kona.