Kabla ya Kumtupa Kwotabeki Kijana

Usiku wa tarehe 26 Aprili 2018, huko Arlington, Texas, klabu za NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, zilichagua makwotabeki watano (wachezaji wanaoongoza mashambulizi na kurusha pasi) katika raundi ya kwanza ya drafti, yaani ule mgawo wa kila mwaka ambapo klabu hupeana zamu za kuchukua wachezaji wanaotoka vyuo vikuu, zile dhaifu zikitangulia. Cleveland Browns walimchukua Baker Mayfield, wa kwanza kabisa. New York Jets wakamchukua Sam Darnold wa tatu, Buffalo Bills wakamchukua Josh Allen wa saba, na Arizona Cardinals wakamchukua Josh Rosen wa kumi. Lamar Jackson alikaa mpaka nafasi ya 32, ya mwisho katika raundi hiyo, ndipo Baltimore Ravens wakalitaja jina lake.

Hadi msimu wa 2024 ulipokwisha, Jackson alikuwa ametwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara mbili, ya 2019 na ya 2023, na Allen alikuwa ameitwaa ya 2024. Mayfield na Darnold nao waling'ara, ila wakiwa na jezi za klabu nyingine, baada ya zile zilizowachagua kuwachoka. Rosen hakuwamo tena ligini. Ni rahisi kusema kwamba wawili walikuwa na kipaji cha kweli, wawili walichelewa kukomaa, na mmoja hakuwa na kitu. Lakini ukiifuatilia misimu yao mmoja mmoja, unaona kwamba tofauti kubwa kati yao ilikuwa kwa waajiri wao.

Nalisema hili kwa sababu kila Oktoba swali lile lile hurudi katika futiboli ya Marekani. Klabu imepoteza mechi tano au sita, kijana wa miaka 22 anarusha mpira mikononi mwa wapinzani, na uwanja mzima unataka aketi benchi. Je, klabu imshikilie na kumlea, au imwache itafute mwingine? Jibu langu ni kwamba klabu iliyomchagua kijana katika raundi ya kwanza impe misimu mitatu kamili, na katika misimu hiyo imjengee kila anachohitaji ili aweze kupimwa. Kama haiko tayari kuifanya kazi hiyo, isimchague.

Kwa msomaji aliyezoea soka letu, ugumu wa nafasi hii hauonekani haraka. Shambulizi moja likiisha, saa huanza kuhesabu sekunde 40 za kuanzisha lingine. Kocha humwambia kwotabeki mpango kupitia redio iliyomo ndani ya helmeti, na redio hiyo hukatika zikibaki sekunde 15. Kuanzia hapo yuko peke yake. Ameshawatamkia wenzake kumi mpango ule, ambao unaweza kuwa mlolongo wa maneno kumi au zaidi. Sasa anasogea mstarini, anatazama ni nani kati ya wapinzani anaelekea kumshambulia, anawaelekeza walinzi wake watano wa mbele nani amzuie nani, kisha anawatupia macho mabeki wa mwisho wa upande wa pili. Wamesimama wawili kule nyuma. Mpira ukianzishwa, mmoja wao anateremka ghafla kuja mbele, na mpokeaji ambaye kijana alipanga kumpa pasi hayuko wazi tena. Anatakiwa alione hilo huku anarudi nyuma hatua tano, ahamishe macho kwa mpokeaji wa pili, halafu wa tatu, miguu ikigeuka pamoja na macho, na mpira uwe umetoka mkononi kabla sekunde ya tatu haijatimia. Wanaomkimbilia wengine wana uzito wa zaidi ya kilo 120.

Haya hujifunzwa kwa kurudiarudia, na vyuo vingi humpa kijana mipango iliyorahisishwa, ambayo mara nyingi huitazama nusu moja tu ya uwanja. Kwa hiyo anapofika NFL, hata mshindi wa tuzo kubwa ya vyuo, bado ni mwanafunzi.

Tumtazame Allen, maana kwake kazi ya kulea inaonekana waziwazi. Alitoka Chuo Kikuu cha Wyoming akiwa na mkono wenye nguvu ya ajabu na shabaha mbaya. Msimu wake wa kwanza asilimia 52.8 tu ya pasi zake zilifika; alitoa pasi 10 za tachidauni, yaani za kufunga, na 12 zikanaswa na wapinzani. Nchi nzima ilisema Buffalo wamekosea. Kocha mkuu Sean McDermott na meneja mkuu Brandon Beane hawakujibu kwa maneno. Machi 2019 walimsajili Mitch Morse kuimarisha katikati ya safu ya mbele, pamoja na wapokeaji John Brown na Cole Beasley. Pasi zilizofika zikapanda hadi asilimia 58.8. Machi 2020 walitoa chaguo lao la raundi ya kwanza, na mengine juu yake, wakampata Stefon Diggs kutoka Minnesota Vikings. Diggs akaongoza ligi nzima kwa kudaka pasi 127, na Allen akafika asilimia 69.2, akiwa na tachidauni 37 za pasi. Kilichobadilika mwilini mwake ni miguu na nyonga: alijifunza kujipanga chini kabla ya kurusha, badala ya kuutegemea mkono peke yake. Na muda wote huo, kuanzia 2018 hadi 2021, kocha wa mashambulizi alikuwa mtu yule yule, Brian Daboll.

Jambo hilo la mwisho ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Kocha wa mashambulizi akibadilika, hubadilika majina ya mipango, mpangilio wa macho, hata idadi ya hatua. Kijana anaanza upya. Rosen alikuwa na kocha wa mashambulizi Mike McCoy, ambaye alifukuzwa Oktoba ya msimu ule ule wa kwanza. Msimu ulipoisha kwa ushindi wa mechi 3 kati ya 16, kocha mkuu Steve Wilks naye akafukuzwa. Kocha mpya akaja na mfumo wake, Arizona wakamchagua Kyler Murray wa kwanza katika drafti ya 2019, na Rosen akauzwa Miami mwaka mmoja tu baada ya kuchaguliwa. Sidai kwamba angekuwa bingwa. Nadai kwamba hakuna aliyempima.

Mayfield alipita mikononi mwa makocha wakuu wanne Cleveland, tukimhesabu wa muda. Hata hivyo aliiongoza klabu hiyo kushinda mechi 11 msimu wa 2020 na kuwatoa Pittsburgh Steelers katika mtoano. Msimu uliofuata alicheza akiwa na bega lililoumia, akashuka, na Machi 2022 Browns wakatoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza kumpata Deshaun Watson na kumpa mkataba wa dola milioni 230 zilizodhaminiwa zote. Mwaka 2024, akiwa Tampa Bay, Mayfield alirusha tachidauni 41.

Darnold ndiye anayenisikitisha zaidi. Tarehe 21 Oktoba 2019 Jets walifungwa 33 kwa 0 na New England Patriots, pasi zake nne zikanaswa, na kipaza sauti cha televisheni kikamnasa akiwa benchi akisema kwamba anaona mizuka. Watu wakacheka, wakatengeneza vichekesho. Kwa anayeujua mchezo huu, kauli ile ilikuwa maelezo sahihi ya kitaalamu. Kwotabeki aliyeshambuliwa mara nyingi bila ulinzi huanza kuwaona washambuliaji hata pale wasipokuja. Macho yake hushuka kutoka kwa wapokeaji na kuwatazama wanaomkimbilia, miguu hutapatapa, na pasi hutoka kabla ya wakati au baada ya wakati. Kumhukumu kijana katika hali hiyo ni kumlaumu dereva kwa gari lililotoka gereji bila breki. Jets walishinda mechi mbili tu mwaka 2020, wakamwondoa kocha, wakamuuza Darnold, wakamchagua Zach Wilson wa pili katika drafti ya 2021. Baada ya misimu mitatu Wilson naye akaondoka. Darnold, chini ya kocha Kevin O'Connell aliyewahi kuwa kwotabeki, aliiongoza Minnesota kushinda mechi 14 kati ya 17 mwaka 2024. Mpokeaji wake mkuu alikuwa Justin Jefferson, ambaye Vikings walimpata kwa lile chaguo walilopewa na Buffalo kwa ajili ya Diggs.

Mashabiki huambiwa subira yavuta heri. Katika kazi hii subira peke yake haivuti kitu. Carolina Panthers waliwapa Chicago Bears mpokeaji wao bora, DJ Moore, na machaguo manne ya drafti, ili wawe wa kwanza mwaka 2023 na kumchukua Bryce Young. Kisha wakamweka nyuma ya safu ya mbele iliyomwacha aangushwe mara 62 katika msimu mmoja, na kocha Frank Reich akafukuzwa baada ya mechi 11. Ni kweli kwamba kuangushwa si kosa la walinzi peke yao. Kwotabeki anayeng'ang'ania mpira hujiletea. Lakini kijana hujifunza kuuachia mapema pale tu anapoziamini zile sekunde mbili za kwanza. Mwaka 2024 Carolina walileta kocha mpya, Dave Canales, wakamwaga fedha kuwasajili walinzi Robert Hunt na Damien Lewis, jambo ambalo lingefaa kufanyika mwaka mmoja nyuma. Halafu, baada ya mechi mbili tu, wakamweka Young benchi. Alirudi Oktoba kwa sababu Andy Dalton aliyemrithi aliumia kidole gumba katika ajali ya gari. Msimu ukaisha Young akiwashinda Atlanta Falcons 44 kwa 38 katika muda wa nyongeza, kwa tachidauni tatu za pasi na mbili za kukimbia. Bila ajali ile, huenda klabu isingeyaona matunda ya fedha zake yenyewe.

Wapo wanaosema dawa ni benchi: kijana akae, atazame, akomae. Wanatoa mfano wa Aaron Rodgers, aliyekaa nyuma ya Brett Favre misimu mitatu Green Bay, na Patrick Mahomes, aliyemtazama Alex Smith msimu mzima wa 2017 Kansas City na kuanza mechi moja tu. Mifano ni ya kweli, ila tuone vijana wale walikaa wapi. Walikaa katika klabu zilizokuwa tayari na kwotabeki wa kuaminika. Klabu inayochagua ya kwanza kwa kawaida haina mtu kama huyo, na katika mazoezi ya wiki mizunguko mingi huenda kwa anayeanza mechi. Wa akiba husimama akitazama. Kukaa benchi kunafaa pale ambapo kocha ametenga muda na mwalimu kwa ajili ya huyo anayekaa.

Kuna fedha pia. Mwaka 2010 Sam Bradford, wa kwanza katika drafti, alisaini miaka sita kwa dola milioni 78 kabla hajacheza mechi hata moja. Makubaliano ya 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji yalibadilisha hesabu, na Cam Newton mwaka huo akasaini miaka minne kwa dola milioni 22 tu. Mchezaji wa raundi ya kwanza siku hizi hufungwa miaka minne, na klabu ina hiari ya mwaka wa tano ambayo ni lazima iamuliwe mapema Mei, baada ya msimu wa tatu. Hapo ndipo ile misimu yangu mitatu ilipotoka. Kwa kuwa ligi ina ukomo wa mishahara, miaka hiyo ya bei nafuu ndiyo nafasi ya kununua walinzi na wapokeaji. Klabu inayoipoteza hufika Mei bila kujua ina nini mkononi. New York Giants waliikataa hiari ya Daniel Jones mwaka 2022, wakampa miaka minne ya dola milioni 160 Machi 2023, wakamwachia Novemba 2024.

Nini basi kitazamwe katika misimu hiyo? Takwimu za mwaka wa kwanza zingemfukuza Allen. Mimi ningetazama macho ya kijana baada ya kuangushwa: je, shambulizi linalofuata bado yako mbele kwa wapokeaji? Ningetazama kama ulinzi uliomlaghai wiki ya tatu bado unamlaghai wiki ya kumi. Anayekosea mambo mapya anasonga mbele. Anayerudia kosa lile lile katika mwaka wa tatu, chini ya kocha yule yule na walinzi wazuri, ameshatoa jibu.

Na kuachana mapema kunawezekana bila dhuluma. San Francisco 49ers walitoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza ili wamchukue Trey Lance wa tatu mwaka 2021. Alianza mechi nne tu, akavunjika kifundo cha mguu Septemba 2022, na mwishoni mwa msimu nafasi ikamwangukia Brock Purdy, aliyechaguliwa wa 262, mtu wa mwisho kabisa katika drafti ya mwaka huo. Agosti 2023 Lance aliuzwa Dallas kwa chaguo moja la raundi ya nne, na Februari 2024 Purdy akawafikisha kwenye Super Bowl, fainali ya ligi. Hasara ilikuwa kubwa, na bado nauona uamuzi ule kuwa halali. Kocha Kyle Shanahan alikuwa mmoja kwa wote wawili, mfumo mmoja, mlinzi Trent Williams pale kushoto, George Kittle na Deebo Samuel wakipokea pasi za kila mmoja wao. Majeraha yalimnyima Lance mechi nyingi, lakini kambini na mazoezini makocha walikuwa na vijana wawili wa kulinganisha katika mazingira yale yale. Jets, kwa Darnold na kwa Wilson, hawakuwahi kuwa na kipimo cha namna hiyo.