Kizingiti cha Gitaa la Besi: Namna ya Kukibadilisha na Kukipachika



Katika harusi zetu huku ugenini, kikundi cha taarabu kinapoanza kupiga, masikio ya wageni huelekea kwenye udi, fidla na sauti ya mwimbaji. Gitaa la besi hukaa nyuma likishika mwendo, na hakuna alijaliye mpaka siku linapokosea. Siku hiyo nyimbo zote huyumba. Mwimbaji husemwa kuwa ametoka nje ya sauti, na mpigaji besi, ambaye siku hizi mara nyingi ni kijana wetu mwenyewe, huinamisha kichwa akidhani kwamba hana kipaji.

Tumeonelea kulizungumza jambo hili kwa sababu mara nyingi kosa si la mwimbaji wala la kijana. Limo katika kipande kilicho kifupi kuliko kidole gumba, pale shingo ya gitaa inapokutana na kichwa chake. Ala za vikundi vyetu nyingi ni kuukuu, zimepita mikononi mwa watu wengi, na anayejifunza hupewa ile mbovu kuliko zote. Kijana wa miaka kumi na mitatu anayelazimika kukandamiza uzi kwa nguvu zake zote, na hata hivyo sauti ikatoka imepotoka, hataendelea kwa muda mrefu. Tutampoteza, na sababu yake ni mfupa wa nusu unene wa kidole.

Tunafahamu kwamba wapo katika jumuiya yetu wasioziridhia ala za muziki, na rai yao tunaiheshimu. Maneno haya ni kwa zile nyumba ambazo ala imo tayari.

KIZINGITI NI NINI?

Tukiita kipande hiki kizingiti, msomaji ataelewa mara moja, kwani ndicho nyuzi zinachovuka zinapotoka kichwani kuingia kwenye shingo. Wapiga udi wa Kiarabu hukiita "anf", yaani pua. Kina mifuo midogo, mmoja kwa kila uzi, na kazi zake ni tatu. Huzipanga nyuzi kwa nafasi zilizo sawa, huamua kimo chake juu ya freti za mwanzo, na huweka mahali ambapo uzi ulioachwa wazi, yaani usioshikwa kwa kidole, unaanza kutikisika.

Kazi hiyo ya tatu ndiyo watu huisahau. Gitaa la besi la kawaida, lifuatalo kipimo ambacho Leo Fender alikitoa kule California mwaka 1951, lina urefu wa uzi wa inchi 34, yaani milimita 864, kuanzia kizingiti hadi kwenye daraja. Freti zote hupimwa kutoka ukingo wa mbele wa kizingiti. Freti ya kwanza iko umbali wa milimita 48 na nusu hivi, na ya kumi na mbili iko katikati kabisa, milimita 432. Kizingiti kikikaa mbele au nyuma ya mahali pake, au uzi ukianzia kutikisika ndani ya mfuo badala ya kwenye ukingo ule wa mbele, hesabu yote huharibika.

DALILI ZA KIZINGITI KIBOVU

Mfuo ukiwa juu mno, uzi huwa mgumu kushikwa karibu na kichwa, na sauti katika freti ya kwanza na ya pili hupanda kuliko inavyopasa, hata kama nyuzi zilizo wazi zimetengenezwa barabara. Mfuo ukiwa chini mno, uzi ulio wazi huvuma kama nyuki kwa kugusa freti ya kwanza, lakini ukiushika kwa kidole popote mvumo hutoweka. Mfuo ukiwa mwembamba, uzi hukwama, unapokaza husikia "tik!", kisha sauti huruka ghafla. Ukiwa mpana, uzi hucheza ndani yake na sauti hufifia.

Upo mtihani mwepesi. Kandamiza uzi kwenye freti ya tatu, kisha utazame nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya kwanza. Inapasa kuwe na nafasi ndogo sana, ya karatasi tu. Uzi ukiwa umelala juu ya freti, mfuo umeliwa. Ikiwa nafasi ni kubwa na uzi unashuka sana ukiugonga kwa ncha ya kidole, mfuo uko juu.

Kabla ya kukihukumu kizingiti, tazama shingo. Majumba ya nchi za baridi hupashwa moto miezi mingi, na hewa yake hukauka; na kule Ghuba viyoyozi hufanya vivyo hivyo. Mbao hupoteza unyevu na shingo hupinda. Magitaa mengi ya besi yana fimbo ya chuma ndani ya shingo kwa ajili ya kuinyoosha. Shingo irekebishwe kwanza, kisha kizingiti, na daraja lije mwisho. Anayeanza na kizingiti huku shingo imepinda atakata mifuo kwa kipimo cha uongo.

MFUPA, PLASTIKI AU SHABA?

Magitaa ya bei nafuu hutoka kiwandani na kizingiti cha plastiki, na baadhi ya plastiki hizo ni laini kiasi kwamba nyuzi nene huzila upesi. Wapo wanaotumia shaba nyeupe ya manjano, ambayo ni imara lakini ngumu kuchonga. Sisi twapendekeza mfupa wa ng'ombe. Ni mgumu, hung'aa vizuri, na uzi huteleza juu yake bila kukwama. Kipande kilichokatwa tayari huuzwa kwa bei iliyo chini ya seti moja ya nyuzi mpya.

Asiyetaka kununua aende kwa muuza nyama wetu. Mfupa wa muundi wa ng'ombe, uliokwisha kutoa supu, una ukuta mnene unaofaa. Uchemshwe tena katika maji yenye sabuni, ukwanguliwe, uloweshwe siku kadhaa ili mafuta yatoke, kisha ukaushwe kivulini polepole usije ukapasuka. Vumbi lake halifai kuvutwa kifuani. Vaa kitambaa puani, na ukate nje au penye dirisha wazi.

Zamani vizingiti vya ala za fahari vilichongwa kwa pembe za ndovu. Sisi watu wa pwani tunajua pembe hizo zilitoka wapi: katika karne ya 19 shehena nyingi zilipita Bagamoyo na Unguja, na sehemu yake iliishia katika viwanda vya Connecticut, Marekani, vilivyotengeneza vibao vya piano. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kuanzia mwaka 1990. Kwa hiyo ukiwa na ala kuukuu yenye kizingiti cha pembe, jihadhari usiivushe mipaka bila kuuliza sheria. Kwa kizingiti kipya, mfupa wa ng'ombe unatosha.

KUKITOA CHA ZAMANI

Nyuzi nne za besi kwa pamoja huvuta shingo kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70. Zilegeze zote kidogo kidogo, kwa zamu, wala usiukate uzi uliokazwa. Kisha chukua kisu chenye makali uchore mstari pembezoni mwa kizingiti, pale rangi au vanishi ilipokishika. Ukiruka hatua hii, kizingiti kitang'oka na ganda la vanishi.

Kizingiti kilichokaa mwishoni mwa ubao wa freti, upande mmoja kikiwa wazi, hutoka kwa kuwekewa kipande cha mti na kugongwa polepole kuelekea kichwani. Kilichozama ndani ya mtaro hakigongwi hivyo, kwa maana ukingo wa mti utavunjika. Kigonge kwa ubavu kitoke kama droo, na kama mtaro umezibwa ubavuni au gundi imeshika sana, kikate katikati kwa msumeno mdogo mpaka karibu na chini, kisha uvibane vipande kwa koleo vitoke. Usiguse mti kwa msumeno. Kihifadhi cha zamani hata kama kimevunjika, kwani ndicho kitakachokuonyesha nafasi za mifuo.

KUPACHIKA KIPYA

Ondoa gundi ya zamani kwenye mtaro kwa patasi nyembamba, chini pawe safi na tambarare. Pima unene wa mtaro. Mitaro ya magitaa ya namna ya Fender huwa na milimita 3 na kidogo, lakini usiamini kipimo cha kitabuni. Pima ala iliyo mbele yako. Tandika msasa juu ya kioo au kigae kilicho sawa, ukisugue kipande cha mfupa juu yake huku ukikijaribu kila mara. Kinapasa kuingia kwa kusukumwa na vidole na kubaki hapo gitaa likipinduliwa. Kikihitaji nyundo, bado ni kinene. Ukikilazimisha utaipasua shingo. Tazama pia kwamba kimekaa chini kabisa, maana hewa iliyobaki chini yake huifisha sauti.

Sasa kiweke mahali pake. Chukua penseli iliyopasuliwa kwa urefu, uilaze upande wake bapa juu ya freti, uchore mstari kwenye uso wa mfupa. Mstari huo unaonyesha kimo cha freti, na hakuna mfuo utakaoshuka kuufikia.

Kupanga nyuzi kuna siri moja. Nyuzi za besi hazilingani unene: katika seti ya kawaida uzi mwembamba una milimita 1.14 na ule mnene 2.67. Ukipima kutoka katikati ya uzi hadi katikati ya mwenziwe, zile nene zitasongamana. Pima nafasi iliyo wazi baina ya kingo zake. Weka kwanza nyuzi mbili za pembeni, kila mmoja ndani kidogo ya ukingo wa shingo usije ukateleza nje, ndipo uzigawe zile za kati.

Mifuo hukatwa kwa tupa za mviringo zinazolingana na unene wa nyuzi. Asiye nazo na azungushie msasa mwembamba kwenye uzi wa zamani ulio mwembamba kuliko ule unaokatiwa mfuo. Mfuo uzidi unene wa uzi kwa kiasi kidogo sana, na sakafu yake iinamie upande wa kichwa, ili sehemu ya juu kabisa iwe ukingo ule unaotazama freti. Sakafu ikiinamia mbele, uzi utalia kama sitari.

Sasa twafika kwenye kimo, ambako kazi nyingi huharibikia. Laza rula ya chuma juu ya freti ya kwanza na ya pili hadi ifike kwenye kizingiti. Kwa vile vibamba vyembamba vya chuma ambavyo mafundi magari hupimia plagi na vali, pima nafasi iliyo chini ya rula. Hicho ndicho kimo cha freti zako. Ongeza nusu milimita. Jumla hiyo ya vibamba ilaze juu ya ubao mbele ya kizingiti, ukate mfuo mpaka tupa ikaribie kuvigusa, kisha usimame. Rudisha nyuzi, zikaze mpaka sauti zake za kawaida, na urudie mtihani wa freti ya tatu. Ukihitaji kupunguza, legeza uzi, piga tupa mara mbili au tatu, ukaze tena, utazame tena. Kwa nyuzi nne shughuli hii huchukua jioni nzima, na ndivyo inavyostahili. Maji yakimwagika hayazoleki, na mfupa uliolika ni vivyo hivyo.

Hata hivyo, mfuo ulioshuka mno una dawa ya muda: ujaze vumbi la mfupa, utie tone la gundi ya papo kwa papo, uache ukauke, ukate upya. Utasaidia mpaka harusi ipite, kisha utafute kipande kipya.

Mifuo ikitimia, punguza sehemu ya juu ya mfupa hadi nusu ya uzi mnene ionekane juu ya mfuo wake. Zungusha pembe zisikwaruze mkono, ung'arishe kwa msasa mwembamba na kitambaa. Mwisho, tia matone mawili ya gundi nyeupe ya mbao chini yake, yasizidi. Mvuto wa nyuzi wenyewe hukishikilia, na iko siku mwingine atataka kukitoa. Anayemimina gundi huwatesa wanaomfuata.

KWA WAZEE NA VIJANA

Tunapendekeza kazi hii ifanywe na watu wawili, mkubwa na mdogo, mezani, juu ya gazeti lililotandazwa. Mkubwa ashike tupa kwa uzi wa kwanza, mdogo apime na kusema "bado" au "basi". Kwa uzi wa pili wabadilishane. Ala ikiwa ya thamani kubwa, au mtaro wenyewe umevunjika, ipelekwe kwa fundi. Kwa ala ya kawaida mikono ya nyumbani inatosha, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kikundi chenye gitaa la besi kilifanyie mtihani wa freti ya tatu kabla ya harusi ijayo. Na mzazi ambaye mwanawe ameliweka gitaa uvunguni akisema kwamba amelishindwa, na alitoe alitazame kizingiti chake kwanza, kabla ya kukubali maneno hayo.