Fedha za jeshi huanzia bungeni kabla ya kufika mpakani

KILA Juni, mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki husoma bajeti. Wafanyabiashara wengi wa mipakani husubiri kusikia ushuru wa mitumba, mchele na mafuta, kisha huzima redio. Fungu la ulinzi huwapita, ingawa ndilo linalomlipa askari anayelinda njia za mizigo yao.

Dodoma, fedha za ulinzi hugawanywa mafungu matatu: Fungu 57 la Wizara, Fungu 38 la Ngome na Fungu 39 la Jeshi la Kujenga Taifa. Kamati ya Bunge huyapitia kwanza, waziri huwasilisha hotuba, wabunge hujadili na kupitisha. Mwishoni bajeti nzima hupigiwa kura, kwa kuwa mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1.

Kura ya hapana si jambo dogo. Ibara ya 90 ya Katiba ya Tanzania inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Mbunge anayeikataa anahatarisha kiti chake mwenyewe. Rais akitangaza vita, Ibara ya 44 inataka Spika aitishe Bunge ndani ya siku 14 liamue kama linaunga mkono.

Kenya, Katiba ya 2010 inataka makadirio yafike bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kuisha, na kamati isikilize maoni ya wananchi. Kupeleka jeshi nje kulinda amani kunahitaji idhini ya Bunge.

Wanaofanya biashara na Kongo wanajua uzito wa kifungu hicho. Juni 2022 waasi wa M23 waliteka Bunagana, mpakani mwa Uganda, na biashara ya pale ikavurugika. Novemba mwaka huo Bunge la Kenya liliidhinisha zaidi ya wanajeshi 900 kwenda mashariki mwa Kongo chini ya kikosi cha Jumuiya. Kikosi hicho kiliondoka Desemba 2023, baada ya Kinshasa kukataa kukiongezea muda.

Uganda nayo ina mlango wa katikati ya mwaka. Sheria ya usimamizi wa fedha ya 2015 inaruhusu Serikali kutumia nyongeza ya hadi asilimia 3 ya bajeti kabla ya Bunge kuidhinisha, mradi hesabu ifikishwe bungeni ndani ya miezi minne. Matumizi ya siri hukaguliwa na kamati ndogo ya wabunge, nje ya macho ya umma. Hapo wabunge wanaweza kukuta fedha zimeshatumika.

Hapo ndipo mfanyabiashara anapoguswa. Jeshi, barabara na forodha hula sufuria moja. Dharura ya ulinzi ikiongezewa fedha, Serikali hukopa, hutoza zaidi au hupunguza kwingine, na barabara ya mpakani inaweza kusubiri mwaka mwingine.

Kwa hiyo siku ya hotuba ya bajeti huwa imechelewa. Mashauri hufanyika wiki kadhaa kabla, kwenye kamati. Chama cha wafanyabiashara kinachotaka askari wa doria wasigeuke kizuizi kingine cha barabarani kinapaswa kumfikia mbunge wake wakati huo, kikiwa na barua mkononi.