Jinsi ya kubaini kinachojaza diski ya Linux

KOMPYUTA inayotunza rekodi za wagonjwa haipigi kelele diski yake inapokaribia kujaa. Huendelea na kazi kama kawaida hadi siku ambayo karani atajaribu kuhifadhi maelezo ya mgonjwa na kushindwa.

Suala hili lina uzito wa kipekee katika eneo la Eldoret, nchini Kenya. Ni huko ambako OpenMRS, programu ya bure ya rekodi za matibabu iliyoasisiwa mwaka 2004, ilianza kutumika mwaka 2006 chini ya mpango wa AMPATH, unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Kwa kawaida OpenMRS huweka data katika hifadhidata ya MySQL, na aghalabu seva yake huendeshwa kwa Linux.

Katika mji mdogo kama Timboroa, ulioko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari kwenye barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, kumsubiri fundi kunaweza kukigharimu kituo cha afya siku nzima. Hata hivyo, kutafuta chanzo cha tatizo hakuhitaji programu ya kununua.

Hatua ya kwanza ni kuandika amri df -h. Amri hii huonyesha ukubwa wa kila sehemu ya diski, nafasi iliyotumika na iliyobaki. Sehemu iliyofikia asilimia 100 ndiyo ya kuchunguzwa.

Hatua ya pili ni amri sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h, ambayo hupima kila saraka na kuzipanga kuanzia ndogo hadi kubwa. Iwapo /var ndiyo kubwa zaidi, amri hurudiwa kwa kuandika /var mahali pa mkwaju ule wa pekee, kisha saraka iliyo ndani yake, mpaka faili lenyewe lijitokeze.

Mara nyingi chanzo huwa ni kumbukumbu za mfumo katika /var/log, au nakala za akiba zinazoundwa kila usiku bila za zamani kuondolewa. Katika Debian na Ubuntu, vifurushi vya programu vilivyokwisha kutumika huondolewa kwa sudo apt clean.

Wakati mwingine df husema diski imejaa ilhali jumla ya du ni ndogo. Huenda kuna faili lililofutwa huku programu fulani ikiwa bado imelifungua. Nafasi yake hairudi hadi programu hiyo ifungwe. Amri sudo lsof +L1 huitaja programu hiyo. Pia, diski yenye nafasi inaweza kukataa faili jipya kwa kuwa idadi ya faili imefikia kikomo. Hilo huonekana kwa df -i.

Onyo kubwa ni kuhusu /var/lib/mysql. Humo ndimo zilimo rekodi zenyewe za wagonjwa, na ukubwa wake si kosa. Faili zake zisifutwe kwa mkono kamwe. Hata kumbukumbu za MySQL hupunguzwa kwa amri za MySQL yenyewe, baada ya nakala ya akiba kuwekwa kwenye diski nyingine.

Diski iliyojaa hurekebishwa kwa saa chache, lakini rekodi iliyofutwa bila nakala hairudi. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.