Takwimu za zahanati yenu zinakufaa nini?

Ukimpeleka mtoto mwenye homa zahanati, mwuguzi hufungua daftari kubwa na kuanza kukuuliza maswali. Mtoto ana umri gani? Mnatoka kijiji gani? Homa ilianza lini? Huenda ukakereka, hasa ikiwa foleni ni ndefu na mtoto analia. Na ukifika kwenye dirisha la dawa ukaambiwa kwamba dawa ya malaria imekwisha, una haki ya kuuliza: maandishi hayo yote yana faida gani?

Swali hilo ni la maana, na linawahusu hata wakubwa wa Wizara ya Afya na wa serikali za kaunti. Kukusanya takwimu hugharimu pesa. Madaftari hununuliwa, kompyuta hutengenezwa, na saa ambayo mwuguzi anajaza fomu ni saa ambayo hamhudumii mgonjwa. Gharama hiyo lazima irudi kwa njia fulani, na njia ya pekee inayokufaa wewe mgonjwa ni kupata huduma iliyo bora kuliko ile ya jana.

Safari ya tarakimu

Mtoto wako akipimwa na kupatikana na malaria, habari zake huandikwa katika daftari la wagonjwa wa nje. Mwisho wa mwezi wagonjwa wote huhesabiwa na kujumlishwa katika fomu za wizara. Ile ya wagonjwa wa nje walio chini ya umri wa miaka mitano huitwa MOH 705A. Baadaye hesabu hizo huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, ambao ulisambazwa kote nchini mwaka wa 2011. Katika hesabu hizo za mwezi, jina la mtoto wako haliendi popote. Kinachopelekwa ni idadi tu.

Kufikia hapo tarakimu hizo hazijamponya mtu. Huanza kuwa na thamani wakati mtu anapoketi na kuzilinganisha: mwezi huu na mwezi uliopita, zahanati hii na ile ya jirani, wagonjwa waliotibiwa na dawa zilizotumika. Tuseme zahanati iliwatibu watoto 60 wa malaria kwa mwezi mmoja, lakini dozi 200 za watoto zimetoka kwenye rafu. Msimamizi aliye makini hataipitisha fomu hiyo bila kuuliza maswali.

Hesabu ya chanjo

Mfano mwingine ni chanjo ya Penta, ambayo mtoto hupewa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Tuseme kwa mwaka mmoja zahanati yenu iliwachanja watoto 120 dozi ya kwanza, lakini ni 90 pekee waliopata dozi ya tatu. Watoto 30 walipotea njiani, nao ni robo nzima, yaani asilimia 25. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba pengo hilo likizidi asilimia 10, hiyo ni ishara ya kasoro katika huduma.

Lakini asilimia 25 haielezi kasoro iko wapi. Pengine chanjo iliisha kwa wiki kadhaa. Pengine siku ya kliniki ndiyo siku ya soko, au akina mama waliosahau vitabu vyao walifukuzwa wakaona aibu kurudi. Ni lazima mtu atoke akaulize vijijini. Wahudumu wa afya ya jamii wakipewa orodha ya watoto hao na kuwatafuta nyumba kwa nyumba, kisha mwaka unaofuata waliopotea wawe 8 badala ya 30, hapo ndipo tutasema kwamba hesabu ile imelipa gharama yake.

Arafa kutoka zahanati

Jambo hili limewahi kupimwa hapa kwetu. Dawa ya malaria ya AL, ambayo wengi huifahamu kwa jina Coartem, hupakiwa kulingana na uzito wa mgonjwa: vidonge 6, 12, 18 au 24. Zahanati inaweza kuwa na pakiti za watu wazima tele huku za watoto zimekwisha, na mkubwa aliye mbali asijue mpaka ripoti imfikie.

Nchini Tanzania, mwaka wa 2009 hadi 2010, vituo 129 katika wilaya tatu vilijaribu kutuma hesabu ya dawa za malaria kila wiki kwa arafa. Mhudumu aliyejibu kwa wakati alizawadiwa muda wa kupiga simu. Mwanzoni, vituo 78 kati ya kila 100 vilikuwa vimeishiwa na aina moja au zaidi ya dawa hizo. Baada ya wiki 21, vilivyoishiwa vilikuwa 26 kati ya 100.

Kenya ilifanya jaribio kama hilo katika vituo 87 vya serikali kwenye wilaya tano, kwa muda wa wiki 26, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2013. Takriban asilimia 97 ya ripoti zilizotakiwa zilifika. Idadi ya vituo vilivyokosa pakiti moja au zaidi za AL ilipungua, na upungufu huo ulikuwa vituo 38 hivi katika kila 100.

Hizo ni habari njema, lakini chunguza tarakimu zilizofuata. Kila arafa iliyoonyesha kwamba AL imekwisha ilikuwa kama kengele kwa wasimamizi wa wilaya, ili watoe dawa kituo chenye nyingi na kuipeleka kwenye upungufu. Wasimamizi hao waliitikia asilimia 44 tu ya kengele hizo. Walipoitikia, asilimia 73 ya hatua zao zilimaliza tatizo. Ukifanya hesabu, utaona kwamba kati ya kengele 100 ni 32 hivi zilizotatuliwa kwa njia hiyo.

Habari zilifika karibu zote, ila hatua hazikufuata kwa kiwango hicho. Kuhamisha dawa kunahitaji gari, mafuta, na kituo kingine chenye akiba. Msimamizi asiye na vitu hivyo anaweza kuisoma arafa vizuri kabisa na bado asiweze kumsaidia mgonjwa.

Faida hupimwaje?

Kutokana na hayo, kuna maswali manne ambayo yafaa kuulizwa kuhusu mradi wowote wa takwimu za afya. Je, ripoti zilifika? Je, zilikuwa za kweli? Je, kuna uamuzi uliofanywa kwa sababu yake? Je, mgonjwa alifaidika? Taasisi nyingi hujisifu kwa swali la kwanza, kwa kuwa ndilo rahisi kujibu. Utasikia kwamba kituo fulani kimeleta asilimia 100 ya ripoti zake. Mama aliyerudi nyumbani bila dawa hawezi kumpa mtoto ripoti hizo ameze.

Yapo mengine mawili ya kuzingatia. Kwanza, gharama iondolewe katika faida: saa za wauguzi, kompyuta na mafunzo. Pili, mabadiliko yasihesabiwe kuwa ya mradi kabla ya kulinganisha na mahali ambapo mradi haukuwepo. Huenda lori la dawa lilikuwa linakuja hata hivyo, au mvua zilipungua na malaria ikashuka yenyewe.

Aidha, kuna hatari ya tarakimu kupikwa. Kituo kikizawadiwa au kukaripiwa kwa sababu ya idadi pekee, wapo watakaojaza idadi inayopendeza. Ndiyo maana wakaguzi hufungua daftari na kulihesabu upya, kisha wakalinganisha na fomu iliyotumwa.

Wewe ufanye nini?

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la zahanati ni letu sote, na wewe msomaji una sehemu yako katika kulifanya liwe la kweli.

Nenda kliniki na Kitabu cha Mama na Mtoto kila mara, hata ikiwa mtoto anaumwa tu na si siku ya chanjo. Taja umri wake sawasawa, na umwache apimwe uzito, kwa maana dozi ya AL hufuata kilo. Taja pia kijiji unachoishi sasa. Wagonjwa wa kipindupindu wakiandikishwa kwa vijiji vya mababu zao, maafisa wa afya watatafuta maji machafu mahali pasipofaa.

Usiogope kuuliza habari zako zitatumiwa vipi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na haziwezi kutangazwa ovyo.

Mwisho, zahanati nyingi za umma zina kamati yenye wawakilishi wa wananchi. Wajue wa kwenu. Katika mkutano ujao, waombe wakueleze ni siku ngapi dawa ya AL ya watoto ilikosekana mwezi uliopita, ni watoto wangapi hawakumaliza chanjo, na ni hatua gani iliyochukuliwa. Ikiwa tarakimu zipo na hatua haipo, waulize ni nani anayepaswa kuichukua na amekwamishwa na nini.